Keki Iliyovishwa Chicha

Shangazi aliuma mara moja tu. Akatafuna polepole, macho ameyainua darini kama mtu anayetegea adhana ya msikiti wa mbali, kisha akatoa hukumu kabla hata hajameza vizuri: "Mwanangu, hii si nazi. Hii ni chicha."

Kwa msomaji wa bara ambaye hakukalia mbuzi ya kukunia nazi utotoni, chicha ni yale makapi yanayobaki baada ya tui kukamuliwa mara ya kwanza, ya pili, na nyumba ikiwa na hali ngumu, ya tatu. Kwetu Tanga chicha tulikuwa tunawamwagia kuku. Sasa hapa tulikuwa tumekaa ndani ya bekari ndogo mashariki mwa Toronto, nje theluji ya mwisho mwisho imeshageuka tope, na mezani pana kipande cha keki cha mraba kilichochovywa kwenye chokoleti halafu kikagaragazwa katika chakula cha kuku. Bei yake sikumgeuzia kwa shilingi. Kuna mambo mtu mzima anafichwa kwa heshima.

Keki hiyo inaitwa lamingtoni, nitairudia. Kwanza niseme tulifikaje.

Shangazi alikuja mwezi wa pili kumlea binti yake aliyejifungua mtoto wa kwanza. Alimkanda, akampikia uji wa pilipili manga, akamfunga tumbo kwa kanga, arobaini ikapita salama. Baada ya hapo akabaki hana kazi, na mikono ya Shangazi haijui kukaa bure. Pale Ngamiani ukiuliza nani anaoka vileja vya harusi, hata mtoto atakuonyesha mlango wake. Mkate wake wa mayai anauoka kwenye sufuria, makaa chini, makaa juu ya mfuniko, bila saa na bila kipimajoto. Anajua umeiva kwa harufu. Jiko la binti yake ni la umeme, lina vitufe vingi na linapiga kelele lenyewe. Alilijaribu mara mbili, mara zote mbili likamtolea mkate uliopasuka kichwani, akatangaza kwamba yeye na jiko lile hawasemezani.

Nikaona nimtoe nje apunge upepo, ingawa upepo wa Toronto mwezi wa nne haupungwi, wenyewe ndio unaokupunga. Kwa muda mrefu nilikuwa nikiiona bekari ile kupitia dirisha la tramu namba 501 inayopita barabara ya Queen. Maandishi ya kiooni yalisema humo mnaokwa vitu vya asili vya Uingereza, Australia na New Zealand. Mimi siku zote nilijiambia, vitu gani hivyo? Nchi hizo si ndizo zenye sifa ya kuchemsha kila kitu mpaka kisahau jina lake? Lakini siku hiyo ilikuwa Jumamosi, katikati ya Ijumaa Kuu na Pasaka, na foleni ilikuwa imetoka nje ya mlango. Shangazi haamini tangazo. Foleni anaiamini.

"Hodi!" akapiga Shangazi tulipofika mlangoni, kengele ndogo ya juu ya mlango ikaitika.

Ndani hamzidi ukubwa wa sebule ya nyumba ya Swahili. Meza mbili, viti vitano, kabati la kioo refu, na nyuma ya kabati mama wa miaka sitini na kitu, nywele nyeupe fupi, mikono ya mtu aliyekanda unga maisha yake yote. Niliitambua mikono ile maana nilikuwa nimeongozana na jozi nyingine kama hiyo. Mama yule ni wa Invercargill, kusini kabisa mwa New Zealand, mji ambao ukiupita huna pa kwenda ila baharini na kwenye barafu. Mumewe, tuliyekuwa tukimsikia nyuma akigonga trei, ni wa Lancashire, kaskazini ya Uingereza. Walikutana Canada wote wakiwa wageni. Kabati la kioo limegawanyika: kushoto vitu vya kwao mume, kulia vya kwao mke. Ndoa nzima imepangwa kwenye trei.

"Muulize mafuta gani," akaninong'oneza Shangazi.

Kwa Mwislamu hilo ndilo swali la kwanza kwenye bekari ya Kiingereza, na si swali dogo. Mapishi ya kale ya kule yanapenda sana mafuta ya nguruwe kwenye unga wa pai, na yanapenda mafuta magumu ya figo za ng'ombe kwenye puding'i. Hata vipai vidogo vya Krismasi, vyenye kujazwa matunda makavu na viungo, zamani vilitiwa nyama kwelikweli, na jina la nyama ya kusaga vinalo mpaka leo ingawa nyama yenyewe ilishaondoka. Mama yule hakukunja uso. Alitupitisha trei moja moja kwa kidole: hii nguruwe, hii nguruwe, hii siagi tupu, hii siagi, ile msile, ile kuleni. Pai za nyama, halali si halali, tukazipita. Bado tulibaki na nusu ya kabati.

Nikaagiza skonzi. Yaani niliagiza kile ambacho wao wanakiita scone, nikidhani nitaletewa ninachokijua. Kwetu skonzi ni mkate mdogo wa duara, laini, wenye sukari kidogo, umeumuka kwa hamira mpaka ukiubonyeza unainuka tena. Ndio uliokuwa ukinunuliwa na chai shuleni. Kilicholetwa ni kitu kifupi, kinene, kinachomeguka kama udongo wa kichuguu. Hakina hamira hata chembe, kimeinuliwa kwa beking pauda, unga wake haukukandwa bali umekusanywa tu kwa vidole na siagi baridi kisha ukakatwa. Unakipasua kati, unapaka jemu na krimu nzito. Hapo ndipo Waingereza wanapogombana: watu wa Devon wanatanguliza krimu, watu wa Cornwall wanatanguliza jemu, na mikoa hiyo inapakana, kwa hiyo ugomvi hauna safari ndefu.

Shangazi akaigeuza ile skonzi huku na huku. "Kumbe hii ndiyo skonzi? Basi ile yetu tuliibatiza jina la mtu."

Nimelifikiria sana hilo tangu siku ile. Jina lilivuka bahari, chakula kikabaki. Wakati mwingine ni kinyume chake. Ndugu zetu wa Kenya wanauza kwini keki kila kioski, zile keki ndogo za kikombe cha karatasi. Nikamwuliza mama wa dukani kama anazo. Akacheka, akasema jina hilo alilikuta kwenye vitabu vya bibi yake. Waingereza walikuwa na keki za jina hilo tangu karne ya 18, lakini siku hizi keki ndogo za namna hiyo wanaziita majina mengine. Kwao jina limestaafu, Nairobi bado liko kazini, tena zamu ya asubuhi.

Mume naye akatoka nyuma, unga mpaka kwenye nyusi, aliposikia kuna mama mzee wa Kiafrika anayehoji trei. Akamletea Shangazi keki ya Eccles juu ya kikaratasi. Eccles ni mji uliomo pembeni mwa Manchester, na mwenye kukumbukwa kwa kuanza kuziuza dukani ni James Birch, mwaka 1793. Ni duara dogo la unga wa matabaka membamba, ndani limeshindiliwa zabibu ndogo nyeusi, sukari na siagi, juu limechanjwa mara tatu ili mvuke utoke. Watoto wa kule wanaiita pai ya nzi, kwa sababu zabibu zinavyoonekana. Bwana yule alituambia lazima iliwe na kipande cha jibini la Lancashire, na akatulisha hivyo hivyo kwa mkono wake. Mimi nilidhani ananitania. Chumvi ya jibini ilipokutana na sukari ya zabibu nikanyamaza. Hiyo ndiyo iliyonipendeza kuliko vyote siku ile, na nasema hivyo nikijua mke wake anaweza kulipata blogu hili na kulitia kwenye mashine ya kutafsiri.

Upande huo wa mume ulikuwa pia na pasti za Cornwall, ambazo kwa ajili ya mafuta yake hatukula, lakini habari yake nimeibeba. Ni kama sambusa iliyonenepa, imekunjwa nusu duara na kusokotwa ukingo. Ndani ni nyama ya ng'ombe iliyokatwa, viazi, vitunguu na aina ya tanipu ya manjano. Karoti ni haramu, si kwa dini bali kwa kanuni: tangu 2011 jina la pasti ya Cornwall linalindwa kisheria Ulaya, na ukitia karoti huruhusiwi kulitumia. Kilikuwa chakula cha wachimba migodi wa bati na shaba. Karne ya 19, hasa bei za madini zilipoanguka na migodi ikafungwa, wachimbaji wakatawanyika duniani na pasti mfukoni. Ndiyo maana leo inaliwa Moonta kule Australia Kusini, na Pachuca nchini Mexico wanaiita paste na kuitia pilipili. Mexico, nafikiri, ndio walioitendea haki.

Tukiwa bado hapo akaingia kijana, buti za ujenzi zimejaa saruji, kofia ya plastiki kwapani. Hakusoma orodha. Alisema neno moja, mama akampa pai ya nyama ya kusaga na jibini ndani ya mfuko wa karatasi, na yule kijana hakuketi. Alisimama palepale karibu na mlango, akaigawa pai kwa meno, akafumba macho. Wote tulimwona. Alipofumbua alikuwa mwekundu usoni, akamwambia mama kitu kuhusu gereji ya kwao, kule ambako pai kama hizi huuzwa kwenye kabati la moto karibu na pampu za petroli, na kwamba ana miaka minne hajarudi New Zealand. Mama akamwongezea ya pili, akakataa pesa.

"Anasemaje?" akauliza Shangazi.

"Anasema amekumbuka kwao, Shangazi."

"Nimeona," akasema.

Mimi nimeishi nje miaka kumi na moja. Najua namna Waswahili tunavyoendesha gari saa nzima kwenye baridi kwa sababu mtu fulani kaandika kwenye kundi la WhatsApp kwamba ana mahamri. Lakini sikuwahi kumfikiria Mzungu wa nchi zile katika hali hiyo. Kichwani mwangu chakula chake kilikuwa chakula cha wenye nyumba, kitu unachokikuta hotelini na kwenye ndege. Mtu mwenye dunia nzima analia kwa ajili ya nini?

Sasa lamingtoni. Imepewa jina la Lord Lamington, gavana wa Queensland kuanzia 1896 hadi 1901, au la mkewe kwa wengine. Hadithi za jinsi ilivyozaliwa ni nyingi na zote zinaanza na mpishi aliyeshtukizwa na wageni akiwa na keki ya jana. Hilo naliamini bila ushahidi, maana ndivyo vyakula vyote vizuri vilivyozaliwa. Keki inakatwa mraba, inachovywa kwenye chokoleti nyepesi ya maji maji ili inywe kidogo, kisha inaviringishwa kwenye nazi kavu. Wa New Zealand wanayo nyingine ya rangi ya waridi, ya rasiberi. Na ile nazi ndiyo iliyomchokoza Shangazi. Ni nazi ya kiwandani, iliyosagwa na kukaushwa. Mwishoni mwa karne ya 19 viwanda vya Ceylon, Sri Lanka ya leo, vilikuwa vikiipeleka Uingereza na makoloni yake kwa masanduku. Haikukamuliwa tui, kwa hiyo kwa sheria si chicha. Nilijaribu kumweleza.

"Imekauka, haina tui, inakwama menoni. Wewe kwenu unaitaje?"

Nikaacha. Nilipomtafsiria mama wa dukani, kwa kupunguza makali, alisema ndiyo, Queensland minazi ipo, lakini yeye Invercargill nazi yenye fuvu aliiona mara ya kwanza akiwa na miaka ishirini. Kwake nazi ni kitu cheupe kinachokaa kwenye pakiti. Shangazi alimtazama kwa huruma ya kweli, kama mtu aliyeambiwa mtoto fulani alikua bila mama.

Pavlova walikuwa nayo pia, mlima wa ute wa yai uliookwa ukawa gamba nje na pamba ndani, krimu na matunda juu. Jina ni la Anna Pavlova, mcheza baleti wa Urusi aliyezitembelea Australia na New Zealand mwaka 1926, na tangu hapo nchi hizo mbili zinagombania nani aliibuni. Usiulize swali hilo dukani. Mimi niliuliza, foleni nzima ikajibu.

Kilichonishika zaidi upande wa mke kilikuwa kitu kisicho na sura: biskuti ya kahawia, bapa, ngumu kidogo ukingoni. Biskuti ya Anzac. Zilikuwa zimerundikwa kwenye trei kubwa kwa sababu siku sita mbele ilikuwa tarehe 25 Aprili, siku majeshi ya Australia na New Zealand, Anzac kwa kifupi, yaliposhuka Gallipoli, Uturuki, mwaka 1915. Mama anasema wiki hiyo huoka mara nne ya kawaida. Oti bapa (oats), unga, sukari, nazi (Shangazi akakohoa), siagi, shira, magadi soda na maji moto. Hakuna yai. Husimuliwa kwamba wake na mama za askari walizituma vitani kwa meli na ndiyo maana zikapikwa za kudumu. Biskuti waliyopewa askari wenyewe jeshini ilikuwa ngumu kama kigae, kiasi kwamba wengine waliandika barua juu yake na kuituma nyumbani. Australia neno Anzac linalindwa na kanuni za 1921. Biskuti unaruhusiwa kuiuza kwa jina hilo mradi usibadilishe mapishi yake mno, na usiiite kuki kwa Kimarekani.

Nikakaa na ile biskuti mkononi nikifikiria vita hiyo hiyo upande wetu. Waingereza waliwachukua Waafrika kwa mamia ya maelfu kubeba mizigo ya jeshi lao Afrika Mashariki, na makumi ya maelfu walikufa, wengi kwa maradhi na njaa kuliko risasi. Kikosi chao kiliitwa Carrier Corps. Ulimi wetu ukalilainisha jina, mahali walipokaa Dar es Salaam pakawa Kariakoo, na Nairobi vilevile wana yao. Sanamu ya Askari pale Dar, iliyozinduliwa 1927, inawataja wapagazi hao kuwa miguu na mikono ya majeshi. Wenzetu wanaikumbuka vita ile kwa biskuti yenye kanuni ya serikali. Sisi tunaikumbuka tukienda kununua mitumba na vyombo vya jikoni, na wengi wetu hatujui kwamba tunaikumbuka. Sisemi ipi ni bora. Kariakoo angalau ina kelele.

Nilipoinua kichwa Shangazi hakuwa kwenye kiti.

Alikuwa amesimama mbele ya rafu ya ukutani wanapouza vitu vya kwenda navyo nyumbani: majani ya chai, jemu, pakiti za kastadi. Ameshika kopo. La kijani na dhahabu, lenye picha ya simba amelala na vitu vidogo vinamzunguka. Alikuwa akilipapasa kwa kidole gumba kama kipofu.

"Kopo la simba," akasema.

Babu yangu, baba yake Shangazi, alikuwa mpishi wa meneja wa shamba la mkonge kabla ya Uhuru. Hilo nilikuwa nalijua. Najua kwamba keki ya kwanza Shangazi alifundishwa na baba yake, si mama, na kwamba kila mtu mtaani aliliona jambo la ajabu. Nisilolijua ni kwamba nyumbani kwao palikuwa na kopo hili, limetoka jikoni kwa mzungu likiwa tupu, na bibi alikuwa akihifadhia sindano na nyuzi. Shangazi alijifunza kutunga uzi kutoka kwenye kopo hili. Alihesabu vile vitu vidogo vinavyomzunguka simba siku alizokuwa na homa. Hakuwahi kujua ndani yake kilikuwamo nini. Babu aliwaambia tu kwamba mwaka mmoja shehena ilifika imepondeka melini, makopo yote yakavuja, na memsabu wake akakaa kwenye ngazi ya jikoni akalia mbele ya watumishi.

"Tulikuwa tukimcheka," Shangazi akasema. "Mtu mzima analilia kopo."

Ni shira. Shira ya dhahabu ya Lyle, inayotoka kwenye usafishaji wa sukari, iliyoanza kuuzwa miaka ya 1880 na Mskoti Abram Lyle aliyekuwa na kiwanda Plaistow, mashariki mwa London. Picha ya kopo haijabadilika sana tangu wakati huo. Simba yule hajalala, amekufa, na vile vidogo ni nyuki: ni kisa cha Samsoni katika Agano la Kale, aliyekuta nyuki wametengeneza asali ndani ya mzoga wa simba akatunga kitendawili kwamba katika mwenye nguvu umetoka utamu. Nilimsimulia Shangazi. Akasikiliza, kisha akasema mtu wa Tanga akiona nyuki na Mwingereza pamoja hukumbuka kisa kingine. Kweli. Novemba 1914 jeshi la Waingereza lilishuka Tanga kuwapiga Wajerumani, likapigwa lenyewe, na katikati ya mapambano nyuki wa msituni wakatoka mizingani. Kwetu hayo hayahitaji kitabu. Tunayo kwa babu.

Mama wa dukani aliona tumeganda pale. Akaja na kijiko, akafungua kopo la jikoni kwake, akamtilia Shangazi shira kwenye kisosi. Shangazi akachovya kidole, si kijiko. Nilingoja hukumu. Hakusema kitu muda mrefu mpaka nikaanza kuona haya kumtazama. Mwishowe: "Ni ya kaimati hii." Akachovya tena.

Baada ya hapo hatukuwa wateja tena. Shangazi alipita nyuma ya kabati bila kualikwa, au labda alialikwa kwa lugha ya mikono ambayo mimi sikuisikia. Akaonjeshwa shotibredi, biskuti ya Kiskoti ya siagi. Akaimega, akaisugua kati ya vidole viwili, akanigeukia: "Mwambie humu mna unga wa mchele."

Nikamwambia. Mama akamtazama mumewe. Ulikuwamo. Kwenye mapishi ya zamani ya shotibredi hutiwa unga wa mchele kidogo ili ikatike kwa mlio na isiwe ngumu. Mume akasema kwa miaka yote aliyouza dukani hakuna aliyewahi kuutambua kwa kula.

Lakini Shangazi ameoka vileja miaka hamsini. Unga wa mchele, samli, sukari, iliki, marashi mawaridi. Anajua mchele unavyofanya ulimini, ile chengachenga inayoyeyuka kabla hujaamua kutafuna. Wanawake wawili wale wakaanza kuzungumza siagi na samli kupitia kwangu, kisha bila mimi. Nilibaki pembeni nimeshika makoti.

Wiki iliyofuata jiko la umeme lilisamehewa. Vilitoka vileja, sinia mbili, na nikatumwa na bakuli la Shangazi la maua kuwapelekea. Mama wa Invercargill alikula kimoja, akakaa kimya, akala cha pili. Akanisimulia kwamba kwao kwenye sherehe wanawake huambiwa "leta sahani," na kwamba wahamiaji wageni zamani walikuwa wakifika na sahani tupu, wakidhani wenyeji wana upungufu wa vyombo. Wakifika wanakuta kila mwenzao kaleta sahani iliyojaa keki, wanatamani ardhi ipasuke. Nikamwambia kwetu ni upande wa pili: chombo cha jirani hakirudishwi kitupu. Akaninyang'anya bakuli kabla sijamaliza sentensi. Lilirudi na biskuti za Anzac, na lamingtoni mbili ambazo Shangazi alizikwangua nazi kwa kisu akala zilizobaki, akasema sasa ndiyo keki.

Aliondoka mwezi wa tano. Sanduku lilikuwa limejaa nguo za wajukuu, kwa hiyo kopo la simba, jipya, zima, alilitia kwenye begi la mkononi. Nilimwambia, "Shangazi, hawataliruhusu, lina maji maji." Akasema shira si maji. Sikubishana. Mimi mtoto wake.

Saa moja baadaye simu ikalia, ananipigia kutoka ndani, upande wa abiria.

"Wamelikamata?"

"Wamelikamata. Mkaka mmoja, mpole tu, ananionyesha pipa."

"Pole sana Shangazi. Nilikwambia."

"Pole ya nini? Nimelifungua palepale, nikalimimina kwenye pipa lao mpaka tone la mwisho. Foleni nzima inaningoja. Nikamwambia kwa mkono, hili tupu je? Akacheka, akanipisha." Nikasikia anasogeza simu, kitu cha bati kikagonga kitu kingine. "Linanata kidogo. Nimelifunga kwenye kanga."

Kisha akaniuliza kama uzi mweusi unauzwa humo uwanjani.